Malka ya Hatua Arobaini

Kitu cha kwanza alichokiona Kowsar ni bega la mzee. Halikuwa na kibuyu.

Watu wengine walikuwa wakitazama gari jeupe la wageni, na yule dada mwenye daftari aliyeshuka huku akishikilia shungi lake lisichukuliwe na upepo. Kowsar alimwona mzee Diriye akishuka mlango wa nyuma, polepole, mguu mmoja ukiitafuta ardhi kabla ya mwingine kuthubutu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto. Tangu utoto wake, kila mzee huyu alipofika, kibuyu cha maziwa kilikuwa kimening'inia pale, cheusi kwa moshi, na kamba yake ya ngozi imelainika kwa jasho. Leo palikuwa na shati tu.

Kowsar alijua kibuyu kilipo. Kilikuwa nyumbani kwao, chini ya kitanda cha marehemu bibi yake, kimefungwa ndani ya shuka.

Wageni walikuja kwa ajili ya malka. Hapo Garissa, mashamba ya ukingo wa Tana yamepangana bega kwa bega, ndizi kwa vitunguu, matikiti kwa nyanya. Zamani watu waliacha njia pana katikati ya mashamba hayo ili mifugo ya wafugaji ishuke kunywa maji wakati wa kiangazi, na njia ya namna hiyo ndiyo huitwa malka. Ile ya kina Kowsar ilikuwa na upana wa hatua arobaini. Upande wa juu lilikuwa shamba la bibi yake, Ayeyo Osob. Upande wa chini lilikuwa shamba la binamu yake, Abdimalik.

Kila mwaka, kiangazi kilipokaribia, Diriye alitangulia mbele ya mifugo yake kutoka upande wa Habaswein. Yeye na Osob waliitembea malka kutoka barabarani hadi majini, Osob akishika ukingo wa juu, Diriye akishika ukingo wa chini, kila mmoja na fimbo yake ya panda, wakiinua matawi ya miiba yaliyoanguka na kuyarudisha kwenye ua. Shina la hindi likikutwa limeota ndani ya njia, Osob aliling'oa kwa mkono wake mwenyewe. Kwato zikionekana zimeingia shambani mwaka uliopita, Diriye alilima mahali hapo kwa siku nzima, mzee na ndevu zake, na watoto walikuja kumtazama mchungaji anavyoshika jembe.

"Unalishika kama mkia wa ngamia, baba vumbi," Osob alikuwa akimwambia.

"Na wewe ungemshika ngamia kama jembe, mama matope. Angekupiga teke ufike Tana bila kutembea."

Malka haikutembewa na mtu mmoja. Huo ndio uliokuwa mpango. Mtu mmoja, hata awe mwema vipi, hatua zake huvutia upande wake. Lakini wawili wakitembea wakitazamana, njia hubaki pale pale. Hapakuwa na karatasi. Baba yake Diriye aliitembea na mama yake Osob, na kabla yao wengine ambao majina yao Osob aliyataja katika dua tu.

Baada ya kutembea, mifugo ilishuka. Ndama kwanza, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, na ngamia mwisho, kwa kuwa ngamia anajua kungoja. Wakishakunywa, waliachiwa mabua ya mahindi shambani kwa Osob, wakala, wakalala humo siku kadhaa, wakaacha mavi ardhini. Mvua iliponyesha mto ulijaa, ukapanda hadi shambani, ukashuka tena, na Osob alipanda kunde na mahindi kwenye udongo ule mweusi uliolowa. Hakuwahi kununua mbolea hata mfuko mmoja. Na kabla mtu yeyote wa kambi ya wachungaji hajaonja maziwa ya siku ya kwanza, Diriye alivua kibuyu begani na kumpa Osob anywe. Osob alikunywa, akafuta mdomo, akakirudisha kikiwa na mbegu za kunde ndani.

Kowsar alikulia katika mambo hayo, kwa hiyo hakuyaona kuwa kitu. Aliacha shule darasa la sita mama yake alipofariki, akabaki kuwa mikono na macho ya ayeyo wake. Alikuwa msichana wa aibu. Akitumwa dukani alisubiri hadi wateja wote waondoke ndipo aseme alichotaka. Lakini miaka ile sita ya shule ilimwachia Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichomponza.

Miaka minne iliyopita walikuja watu wa mradi. Walileta habari ya pampu na mabomba na uzio wa waya, na shamba moja kubwa la kikundi badala ya vipande vipande. Abdimalik alichaguliwa mwenyekiti. Alikuwa kijana mchangamfu, asiye na ubaya wa moyoni, aliyechoka kumwona mama yake akibeba maji ya kunyweshea vitunguu kwa ndoo. Pampu aliitaka kama mgonjwa anavyotaka usingizi. Ila bwana wa mradi alipopima ardhi kwa hatua zake, alisema bomba lazima lipite kwenye ile nafasi tupu katikati, na uzio uizunguke.

"Ile si nafasi tupu," mtu mmoja alisema. "Ile ni malka ya Osob."

"Basi nimsikie Osob mwenyewe," bwana wa mradi akajibu. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Abdimalik alipojitolea kutafsiri, alikataa. "Wewe ni mwenyekiti. Nataka mtu wake wa nyumbani. Huyu binti hapa."

Kabla ya mkutano Abdimalik alimvuta Kowsar kando, nyuma ya mapipa. "Sikiliza, walaal, dada yangu. Ayeyo akianza hadithi zake hata mto utakauka. Wewe toa kifupi. Hawa watu wana safari nyingine mchana, wakiondoka na pampu yao hawarudi. Umeelewa?"

Kowsar aliitikia kwa kichwa. Kwake, kuitikia kwa kichwa kulikuwa rahisi kuliko neno.

Wanaume arobaini na zaidi walikaa kwenye mikeka. Kowsar alisimama peke yake, na alipoanza kutafsiri salamu na maelezo ya mgeni, akataja pampu, ulimi wake wa nyumbani, usiojua "p", ukasema "bambu". Dereva wa wageni akacheka. Si cheko baya. Lilikuwa cheko la mtu aliyechoka na joto. Lakini wawili watatu wakacheka naye, na mmoja akarudia, "Bambu!" na Kowsar akahisi masikio yake yanaungua chini ya shungi.

Kisha Osob akasimama, akasema. Alisema kwa muda mrefu, bila kupaza sauti, akionyesha kwa fimbo yake barabara, mto, mbali upande wa Habaswein, tena mto. Alikataa bomba kupita kwenye malka. Alitaja sababu moja baada ya nyingine, na mwisho akampa mgeni njia nyingine ya kupitisha bomba lake. Baadhi ya wazee walitazama chini, kwa sababu nao walitaka maji.

Bwana wa mradi akamgeukia Kowsar, kalamu tayari. "Mama anasemaje?"

Kowsar alikuwa na hotuba nzima kinywani. Aliijua. Lakini aliona jinsi ilivyo ndefu, akaona maneno yote yaliyokuwa na "p" ndani yake yakimngoja kama mashimo njiani. Akamwona dereva akiegemea gari, tayari kucheka. Akamwona Abdimalik akimtazama kwa macho ya kuomba.

"Anasema sawa," akasema. "Anashukuru."

Bwana wa mradi aliinua uso. "Hayo tu? Ameongea sana."

"Anashukuru sana," akasema Kowsar.

Baadhi ya wanaume walikijua Kiswahili. Walisikia. Hakuna aliyefungua mdomo, na hilo Kowsar alilikumbuka baadaye, ila halikumsaidia. Kimya chao hakikupunguza uzito wa neno lake. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa. Osob akauliza, "Hii ni ya nini?" Kowsar akamjibu kwamba ni ya kuonyesha nani amekuja. Ilikuwa kweli. Osob akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya majina, na juu ya majina hayo baadaye yakaandikwa makubaliano.

Nguzo zilipofika, Osob alikaa mlangoni akizitazama zikichimbiwa. "Uliwaambia, sivyo?" akauliza.

"Niliwaambia, Ayeyo."

"Yote?"

"Yote."

Osob akaguna. "Wageni hawasikii," akasema. Wala hakumlaumu mtu tena.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, cha mwaka ule ambao mvua zilikosa msimu baada ya msimu. Osob alikuwa amekwenda Hagadera kumwona dada yake mgonjwa, akakawia huko. Diriye akaja. Safari hii hakutangulia, alikuja pamoja na mifugo, kwa sababu haikuwa na nguvu ya kumngoja. Ng'ombe walikuwa mifupa iliyofunikwa ngozi. Walisikia harufu ya maji, wakaanza kukimbia kwa miguu iliyopinda, wakafika kwenye waya wakasimama. Hawakuujua waya. Walisukumana, wakalia.

Abdimalik akatoka na karatasi. Alizungumza kwa adabu, akimwita mzee adeer, yaani baba mdogo; hilo Kowsar hawezi kumnyima. "Adeer, tuliandikiana. Tazama. Hiki hapa kidole cha Ayeyo Osob mwenyewe."

Diriye alikitazama kile kidole cha wino muda mrefu, kama mtu anayetafuta alama ya ng'ombe wake kwenye kundi la mwingine. Kisha akainua macho, akamwona Kowsar nyuma ya waya. "Mjukuu wa Osob," akasema. "Hiki ni chake?"

Angeweza kusema hapo. Siku zote alijua kwamba angeweza kusema hapo. Ng'ombe walikuwa wakilia, Abdimalik alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na swali lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Ni chake, adeer."

Mzee akavua kibuyu begani. Hakutukana, hakupiga waya kwa fimbo kama vijana wake walivyotaka. Alikining'iniza kwenye nguzo ya uzio, kitupu, akaigeuza mifugo. Walikwenda kushukia juu zaidi, mahali penye gema, ukingo wa mto ulio wima, ambapo hapajawahi kuwa njia. Ng'ombe wanane walinasa kwenye tope chini ya gema, na hawakutoka.

Osob aliporudi alikikuta kibuyu kwenye nguzo. Alikishusha, akakaa nacho mapajani hadi adhuhuri. Akatuma salamu kwa wafanyabiashara wa mbuzi wanaokwenda Habaswein: mwambieni Diriye kwamba Osob hakukubali. Jibu likarudi baada ya mwezi, kwa midomo ya watu wale wale: Kidole kilikubali.

Shamba la kikundi lilistawi misimu miwili, mtu asiseme uongo. Vitunguu vilikuwa vikubwa. Mama yake Abdimalik alipumzika kubeba ndoo. Kisha mafuta ya pampu yakapanda bei, ardhi ikaanza kuwa ngumu na nyeupe juu, na yale mafuriko makubwa yalipokuja mto ulipita juu ya kila kitu, ukaupinda waya kama uzi na kuizamisha pampu ndani ya banda lake. Mafuriko yalipoondoka, malka haikuwa na kwato za kuikanyaga. Mathenge, ile miti ya miiba inayovamia kila mahali, yakaota, kwanza yakifika magotini, kisha kiunoni, kisha yakamficha mtu.

Osob aliugua baada ya maji kushuka. Siku zake za mwisho alimwita Kowsar akae karibu, na Kowsar alifikiri, sasa nitasema. Akaliweka neno mdomoni. Bibi yake akasema, "Kata mathenge yale. Njia haifi kwa kuchakaa, hufa kwa kukosa miguu." Kowsar akasema, "Haye, Ayeyo." Na neno lile likarudi lilikotoka. Kabla ya Ijumaa walikuwa wamemzika.

Ndiyo sababu leo, mbele ya banda la pampu iliyokufa, alikuwa akilitazama bega la mzee.

Dada mwenye daftari aliitwa Samsam. Alisema ametumwa kuandika njia za kale za kilimo na ufugaji, zile ambazo bado zina watu wanaozijua, ili zilindwe kama urithi ulio hai, na malka ikishathibitishwa haitazibwa tena na mtu. "Lakini lazima zithibitishwe na pande mbili," akasema, "mkulima na mfugaji, waitembee pamoja waonyeshe mipaka. Nami mnisamehe. Nimezaliwa Nairobi. Kisomali changu ni cha kuombea chai tu."

Watu wakacheka. "Hata chai utapewa bila sukari," mmoja akasema.

"Nani atanitafsiria?"

Macho yote yakamgeukia Kowsar. Hakuna aliyesema "yule wa siku zile", lakini alilisikia.

Abdimalik alikuwa amesimama kando, mwembamba kuliko zamani. Yeye ndiye aliyewaomba wageni wampitie mzee kwa gari lao. "Mwambie adeer," akamwambia Kowsar kwa sauti ya chini, "kwamba mathenge tutayakata wenyewe. Atuonyeshe tu ukingo wa chini. Sisi hatuujui tena."

Kowsar akamwambia. Diriye alisikiliza huku akiegemea fimbo. Kisha akasema, akimtazama Samsam wala si yeye, "Mwambie mgeni sikuja kutembea. Nimekuja kusema nisije nikafa nikiwa nimedhaniwa nimesahau. Malka hii ilikuwa ya watu wawili. Mmoja aliiuza kwa pampu na bomba la maji. Nilikunywa naye miaka thelathini, na nilipofika na ng'ombe wanaokufa nikaonyeshwa kidole chake. Njia iliyouzwa haitembewi. Mwambie aandike hivyo. Aandike na jina. Osob."

Upepo ukalisukuma bati la banda, likalia, likanyamaza.

"Anasemaje?" Samsam akauliza.

Kowsar akatafsiri. Hakupunguza hata neno. Alisema ng'ombe wanaokufa, akasema kidole, na alipofika kwenye pampu na bomba alisema "bambu" na "bomba", na safari hii hakuna aliyecheka. Akasema na jina. Kalamu ya Samsam ilitembea kwenye karatasi, na Kowsar akaliona jina la bibi yake likiandikwa, herufi nne, mbele ya neno "aliiuza".

"Usiandike," akasema.

Samsam akainua uso. "Si ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema. Lakini hajui." Akamgeukia mzee. Akasema kwa Kisomali kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahili kusikia mwanzo, halafu akasema kwa Kiswahili, ili daftari nalo lisikie, na Abdimalik, na wanaume wote waliokuwa kwenye mikeka siku ile.

"Adeer Diriye. Siku ya mkutano hukuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa Ayeyo. Alisema: mwambie huyu mgeni kwamba hapa anapopaona patupu si patupu, pamejaa ng'ombe ambao bado hawajafika. Alisema: yuko mtu anaitwa Diriye, hapati habari zetu hadi afike, na siwezi kukubali jambo huku mwenzangu yuko njiani. Alisema: bomba lipitishwe juu, kwenye shamba langu, likate mahindi yangu mimi, hayo ni yangu kuyatoa. Hii njia nusu yake si yangu. Alisema hapana, adeer. Alisema mara tatu. Kidole alikiweka kwa sababu nilimwambia karatasi ni ya mahudhurio. Na aliponiuliza kama nilisema yote, nilimjibu yote, akafa akiamini wageni hawasikii. Wageni hawakuambiwa. Mgeni aliniuliza anasemaje, na mimi nikasema sawa."